Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya, Kuhusu Dari

Kariakoo,
ghorofa ya tano, mlango wa nyuma.

Mstahiki Meya,
Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU LA KUPIMIWA UREFU WA CHUMBA

Mstahiki Meya,

Naanza kwa kuomba radhi kwa kukuandikia mahali ambapo kila mtu atasoma. Barua ya kawaida huingia kwenye faili, faili likaingia kabatini, na makabati ya ofisi za umma najua yamejaa. Sikutaka kuyaongezea mzigo. Naomba radhi pia kwa udogo wa jambo lenyewe. Wewe una masoko, mitaro, taka, maegesho na wageni wa kitaifa. Mimi nakuletea habari za dari, na wala si dari nzima. Nazungumzia zile sentimita thelathini za juu, ambazo pengine hujawahi kuzitafuta kwa sababu popote unapoingia, zipo.

Kwa riziki mimi ni mtu wa soko la samaki la Feri. Alfajiri nipo mnadani nikigombea vibua na changu, jioni napanda Kariakoo kulala. Mtu wa Feri, Mstahiki, anaishi na vipimo. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinamlinda hata pweza: asiyefika nusu kilo haruhusiwi kuvuliwa. Ubishi ukizuka, pweza anawekwa kwenye mizani mbele ya watu na maneno yanaisha. Najua chumba hakiingii kwenye mizani. Nimejiuliza tu, kwa adabu zote, inakuwaje kiumbe mwenye mikono minane apimwe akiwa mwenyewe yupo pale, na mimi mwenye miwili nipimwe kwenye karatasi kabla sijahamia.

Maana kwenye karatasi chumba changu ni kizuri. Mchoro wa kuombea kibali cha ujenzi unaonyesha, tuseme, mita tatu kutoka sakafu hadi sakafu, na kwa mita tatu hakuna wa kulalamika. Lakini mtu haishi ndani ya mchoro. Toa unene wa zege la sakafu ya juu, sentimita kumi na tano. Toa saruji ya kusawazishia pamoja na vigae, tano nyingine. Chini ya zege inashuka bimu, sentimita thelathini, na mwenye nyumba hapendi bimu ionekane kwa kuwa inaharibu picha za kumtumia mpangaji. Basi anaitwa fundi jipsam, anaishusha dari yote ifuate bimu, taa za urembo zinapata pa kuchomekwa na nyaya zinapata pa kujificha. Fremu ya jipsam nayo inataka nafasi yake. Mita tatu zilizopigwa muhuri zinanifikia mimi zikiwa mbili na nusu kasoro.

Wala sisemi mtu ameiba. Ni biashara, na hesabu yake haihitaji mhandisi: jengo la ghorofa kumi, kila ghorofa ukiinyima sentimita thelathini, umepata mita tatu. Hiyo ni ghorofa ya kumi na moja juu ya kiwanja kilekile, na Kariakoo kiwanja hakiongezeki. Nani angeacha? Chini kabisa, kwenye fremu za maduka, ni tofauti. Huko dari huachwa juu sana, kwa sababu mfanyabiashara akiingia anapiga sakafu ya mbao katikati na kupata stoo. Kwa hiyo viatu vya Guangzhou vinalala kwenye hewa nyingi kuliko vijana wanaovipandisha. Nalisema hili bila kinyongo chochote na viatu.

Ninajua, Mstahiki, kwamba mbele ya jambo hili kuna jambo kubwa zaidi. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa kumi na sita lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la hapahapa Kariakoo, tukazika zaidi ya ishirini. Baada ya hapo tume iliundwa, majengo yakakaguliwa, na swali lilikuwa moja: je, litasimama? Ndilo swali la kwanza na litabaki la kwanza. Langu linakuja nyuma yake, limevua viatu mlangoni: jengo likishasimama, mtu aliye ndani anaruhusiwa kusimama kiasi gani?

Nikueleze maisha ya mita mbili na nusu kasoro, maana naamini makazi ya viongozi hayakupi nafasi ya kuyaonja. Feni la dari ndilo la kwanza kuumia. Likining'inia kwa fito yake, mapanga yanazunguka kidogo tu juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kuvaa kanzu chini yake ni ujasiri. Unainama kama unayerukuu, unapitisha kichwa, ndipo unaingiza mikono mmoja mmoja ukiwa bado umeinama. Wengi tumelishusha feni, tukanunua la kusimama. La kusimama linakaa wapi? Sakafuni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dari fupi haikai huko juu peke yake. Sanduku lililokuwa juu ya kabati limeshuka chini ya kitanda. Kitanda cha dabodeka, kilichokuwa kikilaza watoto wawili mahali pa mmoja, hakifai tena, kwa kuwa wa juu hawezi kuketi. Chandarua kinaning'inia usoni. Kila kilichokuwa kinakaa juu sasa kinagombea sakafu.

Na sakafu yenyewe tunaijua. Kipimo cha mjini ni kitanda. Dalali, ambaye nitamlipa kodi ya mwezi mzima kwa kunionyesha mlango, hataji mita za mraba. Anasema “kinaingia sita kwa sita na kabati”, na kikiwa kidogo anasema “kinamfaa mtu anayeanza maisha”. Chumba cha futi kumi kwa kumi kila fundi wa Dar es Salaam anakijua kwa moyo. Ukiingiza humo kitanda cha sita kwa sita cha maseremala wa Keko, futi za mraba 36 kati ya 100 zimechukuliwa na usingizi. Zilizobaki zinagawana kabati, mtungi wa gesi, ndoo mbili, feni tulilolishusha, na mlango ambao lazima ufungukie upande fulani.

Kwa kuwa nauli sina, chumba hiki nimekisafirisha kwa hesabu. Futi kumi kwa kumi ni kama mita za mraba 9.3. Kwa kanuni za ujenzi za Kenya za mwaka 1968, zilizotaka chumba cha kuishi kisipungue mita za mraba 7, kinafaulu bila wasiwasi. India, kwa nyumba ya chumba kimoja, kanuni yao ya kitaifa inataka 9.5, hapo kinafeli kwa eneo la stuli moja. England, tangu 2018, chumba cha kulala katika nyumba zenye leseni ya kupangisha watu wa familia mbalimbali kisipungue 6.51 kwa mtu mzima mmoja na 10.22 kwa wawili. Yaani nikiwa kapera nakaa kihalali, na usiku wa kuoa nimevunja sheria. Hilo la kuoa tuliache.

Kwenye urefu ndiko nilikoona haya. India wanataka mita 2.75. London, mji ambao watu hulipa pesa ili wapate joto, mpango wao unataka nyumba mpya ziwe na 2.5 kwa sehemu kubwa ya eneo lake. Mimi niliye na Februari ya Dar es Salaam, na jua la mchana likiwa bado limo ndani ya zege saa sita za usiku, nimewekwa chini ya mtu wa London. Hewa ya moto hupanda. Ikikuta dari iko mbali inakuacha. Ikiikuta iko karibu, mnalala nayo.

Lakini kuna mji mmoja ambao ningekusihi, kwa heshima, tusiuige. Huko Glasgow, Uskochi, katika miaka ya 1860, wakubwa wa mji waliona vyumba vya maskini vimefurika wakaamua kuhesabu hewa. Kila mtu mzima futi za ujazo 300, mtoto nusu yake. Nyumba ndogo zikapigiliwa kibati mlangoni kinachotaja ukubwa wake na idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala, na usiku wa manane wakaguzi wakagonga hodi kuhesabu vichwa. Walivikuta vichwa chini ya vitanda, kabatini na juu ya mapaa. Mkaguzi akiondoka, watu walishuka wakalala, maana hawakuwa na pengine pa kwenda.

Hesabu yao, hata hivyo, naiazima. Chumba cha kumi kwa kumi chenye dari ya futi kumi kina futi za ujazo 1,000: watu wazima watatu wa Glasgow, na chenji. Kishushe hadi futi nane, zinabaki 800: wawili na mtoto. Futi mbili za juu, ambazo hakuna aliyezikanyaga wala kuziwekea fanicha, zimemtoa mtu nje bila mkaguzi kugonga hodi.

Wazee wa pwani hii hesabu hiyo waliijua bila kibati. Nyumba za mawe za Kilwa, Lamu na Unguja zilikuwa na vyumba vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za mkoko hazikubali zaidi ya hapo. Mkoko ndio uliokuwa afisa ujenzi, na haukupokea simu ya mtu. Upana ulipogoma walikwenda mbele na kwenda juu: chumba kirefu, dari ya mbali, ukuta mnene. Si mbali na Feri lipo Boma la Kale, la enzi za Sayyid Majid, miaka ya 1860. Ukitoka juani ukaingia mle, mwili unajua kabla hujaambiwa. Na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile ya ukumbi katikati na ua nyuma, iliyoijaza Kariakoo kabla ya maghorofa, mara nyingi haikuwa na dari kabisa. Ukuta uliishia, paa likaanza juu yake, na katikati hewa ikapita. Ni kweli ulimsikia jirani akikohoa. Upenyo ulioleta kikohozi chake ndio uliotoa joto lako.

Usije ukadhani natamani siku za nyuma. Vipimo katika mji huu vina historia isiyopendeza, ndiyo maana naviomba kwa tahadhari. Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya 1891 iligawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza wakaendeleza na kanda zao, tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa uwe mpaka. Mtu hakuhitaji kuambiwa kwamba rangi yake haitakiwi mtaa ule. Ilitosha kumwambia nyumba yake haijafikia kiwango. Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililozaliwa 1962, lilianza kwa kubomoa vibanda lijenge bora, hadi ikaonekana gharama ni kubwa na nyumba zinazoongezeka ni chache. Miaka ya 1970 serikali ikageukia kupima viwanja na kuviwekea huduma, ndiyo asili ya Sinza na Kijitonyama tunazozijua. Kwa hiyo tunafahamiana, Mstahiki: futikamba ikija imeongozana na greda, mimi na wenzangu tutapanda juu ya paa kama watu wa Glasgow.

Ndiyo sababu ombi langu linaanza na dari na si na sakafu. Chumba kidogo chenye dari ya juu watu watakiweza. Wataweka dabodeka, watapiga rafu ukuta mzima, na siku wakipata uwezo watavunja ukuta wa plaiwudi wapate viwili kuwa kimoja. Kuta za ndani za mji huu zinahama kila mwaka. Vijana wanne waliochanga kodi ya chumba kimoja wanajua wanachofanya; tena tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo mwaka 2025, wapo wanaolala kwa zamu, wa mchana akitoka wa usiku anaingia na shuka lake. Ukiwahesabu utawafukuza. Lakini zege la ghorofa halihami. Likishamwagwa chini mno, hakuna mpangaji, fundi wala Meya atakayelipandisha, na litakaa hapo miaka hamsini likiwakandamiza watu ambao bado hawajazaliwa. Kikomo cha urefu hakimtoi mtu yeyote chumbani mwake leo. Kinamngoja mwenye kiwanja ambaye bado yuko kwenye mchoro.

Naelewa kwamba Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni zinazokwenda nayo ni za wakubwa wa juu yako. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, ya 1982, imeipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, waziri akiridhia. Tayari zipo sheria ndogo za usafi na za ushuru wa masoko. Ningeomba moja, fupi, isemayo kwamba urefu wa chumba unapimwa kutoka juu ya kigae hadi chini ya jipsam, jengo likiwa limekwisha na kabla mtu hajaingiza godoro. Fundi akitaka kushusha dari baada ya hapo, ashushe mpaka kwenye kikomo na asikivuke. Bimu ikionekana, ionekane. Sijawahi kusikia mtu aliyekosa usingizi kwa kuona bimu.

Na kama nafasi itabaki kwenye karatasi, mkataba wa pango uongezewe mistari miwili. Mikataba yetu ina maneno mengi: miezi sita mbele, luku, maji, marufuku ya mkaa, marufuku ya mgeni wa kudumu. Haisemi chumba kina ukubwa gani. Mstari wa kwanza utaje urefu. Wa pili useme dirisha linatazama nini. Kanuni za ujenzi huuliza ukubwa wa dirisha ukilinganisha na sakafu, na langu lingefaulu, ni kubwa kabisa. Linafungukia ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba jirani ananipa chumvi bila yeyote kati yetu kushuka ngazi. Ni jirani mwema. Ningependa hewa nayo ingepita kirahisi kama chumvi. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye hata sasa anashuhudia mikataba mingi, akipewa futikamba atamaliza kazi hiyo kabla soda aliyokaribishwa haijaisha.

Najua utaambiwa kodi itapanda. Wenye nyumba watakuja kwako, na wao wanavaa vizuri kuliko mimi. Watasema ghorofa moja ikipungua, gharama zinawarudia wapangaji wa ghorofa zilizobaki. Neno hilo lina ukweli. Lakini hizo sentimita thelathini tayari tumeshauziwa. Tunazilipia kila mwezi kwa jina la ghorofa ya kumi na moja, na tuliozikosa ni sisi wa chini yake, ghorofa zote kumi. Wapo pia wenye nyumba waungwana waliojenga kwa urefu wa haki, na leo kodi yao inalingana na ya jirani aliyebana, kwa sababu dalali hana neno la kutofautisha. Wakipewa namba ya kuonyesha, nadhani hao watakuwa wa kwanza kuitangaza.

Siku utakapolileta hili kwa madiwani, ningependekeza, kama si utovu wa adabu, liletwe kwenye ukumbi wa Karimjee. Bunge letu la mwanzo lilikaa mle, na madiwani wa mji huu wamekutana mle mara nyingi. Kabla ya kupiga kura, mtu mmoja awaombe waheshimiwa watazame juu kwa muda kidogo. Kisha wale wa kamati ya mipango miji wapewe nauli waje Kariakoo, saa nane mchana, mwezi wa pili, wakae chumbani kwangu mpaka waelewane. Viti sina vya kutosha, ila kitanda kinakalisha watano. Wewe ukiongozana nao, joho na mkufu tafadhali viachwe kwenye gari. Feni nimeshalishusha, lakini kulabu yake bado ipo.

Wako mtiifu, anayeinama kwa heshima na kwa lazima,

Mpangaji.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, kwa taarifa.
Mwenye nyumba wangu hajapelekewa nakala. Mkataba unaisha mwezi ujao.